Mtumishi Aliyeandika Habari za Nchi ya Baridi: Salim bin Abakari na Safari ya Siberia ya 1896

Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, meli za watalii huelekea katika maji ya Aktiki. Nyingine huanzia Longyearbyen kule Svalbard, nyingine Reykjavik, nyingine bandari za Greenland na Kanada. Abiria wake hulipa fedha nyingi ili waone siwa barafu, dubu weupe, na jua ambalo wakati wa kiangazi halitui usiku wala mchana. Mwaka 2016 meli ya Crystal Serenity iliwapitisha abiria wapatao elfu moja katika Njia ya Kaskazini-Magharibi, juu ya Kanada, kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache. Maji hayo ndiyo aliyoyavuka Roald Amundsen kwa mara ya kwanza katika chombo chake kidogo Gjøa, na safari hiyo ilimchukua tangu 1903 hadi 1906.

Habari za safari za namna hii huandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kirusi na Kinorwei. Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Mbarara anaweza kudhani kwamba lugha anayojifunza haina neno la kusema juu ya pande hizo za dunia. Kwamba Kiswahili ni lugha ya minazi, majahazi na pepo za msimu, na kwamba mambo ya barafu ni ya kutafsiriwa tu kutoka lugha za wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1896 msemaji wa Kiswahili alisafiri Urusi na Siberia, na habari za safari yake zikapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1901. Mtu huyo ni Salim bin Abakari. Hakuwa abiria aliyelipa nauli, wala hakuwa mkuu wa msafara. Alikuwa mtumishi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linaloifanya kazi yake istahili kusomwa madarasani, kwa kuwa historia ya safari za nchi za barafu imejaa watumishi, viongozi wa njia na wapagazi walioona mengi, lakini ushahidi wao haukuandikwa, au uliandikwa ukakataliwa.

Kaskazini: neno lenye joto

Tuanze na lugha yenyewe. Neno kaskazini limetokana na kaskazi, yaani upepo wa msimu uvumao kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kwa watu wa pwani kaskazi ni wakati wa jua kali. Baridi kidogo ya pwani, ile iitwayo kipupwe, huja wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini. Kwa hiyo ukilitazama neno hili kwa asili yake, kaskazini ni upande unakotoka joto! Msemaji wa Kiswahili aliyesafiri hadi Siberia alikuwa anaelekea upande ambao lugha yake iliuhusisha na jua na vyombo vya Arabuni.

Maneno tunayotumia kwa maji yaliyoganda nayo yana historia yake. Barafu limetoka Kiajemi, ambako barf ni theluji. Theluji limetoka Kiarabu, thalj. Maneno yote mawili yaliingia pwani pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, yakiwa yameletwa na watu waliokuwa na milima yenye theluji katika nchi zao. Baadaye wanaistilahi walichukua barafu hilohilo wakaunda mengine: siwa barafu kwa mlima wa barafu uelealao baharini, na barafuto kwa mto wa barafu unaoteremka polepole mlimani. Mwalimu anayefundisha uundaji wa maneno hana haja ya kutafuta mfano mzuri zaidi ya barafuto, ambamo barafu na mto vimeunganishwa hadi silabi moja ikamezwa.

Hata kabla ya istilahi hizo, watu wa Afrika Mashariki waliijua barafu kwa macho. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia aliulizwa kile kitu cheupe ni nini, naye akajibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kwamba ni theluji, akaandika. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Mpaka msafara wa Karl Klaus von der Decken ulipoupanda mlima huo kwa kiasi fulani mwaka 1861 na 1862, neno la yule kiongozi halikuhesabiwa kuwa ushahidi.

Nasi wa magharibi ya Uganda tunayo Rwenzori. Wakonzo wana neno lao wenyewe kwa theluji, nzururu, ambalo hawakuliazima kwa Mwajemi wala Mwarabu. Wao waliishi chini ya milima hiyo na kuitazama barafu yake vizazi na vizazi kabla Henry Morton Stanley hajawatangazia Wazungu habari zake baada ya safari yake ya 1888 na 1889. Hivyo barafu si ngeni kwetu. Kilichokosekana ni kusikilizwa kwa watu waliokuwa na jina la kitu hicho.

Salim bin Abakari alikuwa nani?

Salim bin Abakari alikuwa Mngazija. Katika karne ya 19 watu wengi kutoka visiwa vya Ngazija waliishi Unguja na katika miji ya pwani, na baadhi yao walifanya kazi kwa Wazungu kama watumishi, wapishi na mabaharia. Salim alikuwa mtumishi wa Theodor Bumiller, ofisa Mjerumani aliyefanya kazi chini ya Hermann von Wissmann. Wissmann ndiye aliyetumwa mwaka 1889 kuvunja vita vya Abushiri katika pwani ya Mrima, na Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Msomaji asisahau jambo hili. Salim hakuwatumikia watalii wasio na hatia. Aliwatumikia watu walioiteka nchi.

Safari yake ya kwanza iliyoandikwa ni ile ya Nyasa. Wajerumani walitaka kuweka meli ya moshi katika ziwa hilo. Meli hiyo, iliyopewa jina la Wissmann, ilisafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, ikabebwa nchi kavu pale penye maporomoko, kisha ikaundwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1893. Salim alikuwamo katika kazi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuyaona maji ya Siberia alikwisha kujua maana ya meli ndani ya bara, kwa jasho la wapagazi.

Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Bumiller katika safari ndefu ya Urusi na Siberia, hadi upande wa milima ya Altai na nchi za Asia ya Kati. Habari za safari zote mbili zimo katika mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Ndani yake mna pia habari za Sleman bin Mwenyi Chande, aliyesafiri bara ya Afrika, na za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye walimu wengi wanamfahamu kwa Desturi za Wasuaheli ya 1903. Mwaka 1965 Lyndon Harries alizitafsiri baadhi ya habari hizo kwa Kiingereza. Kutokana na hapo wasomi wa fasihi ya Kiswahili wameitaja safari ya Salim mara kwa mara, lakini katika mihtasari yetu ya shule haionekani.

Inafaa tuseme wazi kwamba Salim hakufika katika Bahari ya Aktiki yenyewe. Alifika katika nchi ambayo maji yake yote makubwa yanakwenda huko. Magharibi ya Siberia hunyweshwa na mto Ob na mkono wake mkubwa Irtish, ambao kwa pamoja una urefu wa kilometa zaidi ya 5,000. Chimbuko lake ni upande wa Altai, na mwisho wake ni ghuba ndefu inayofunguka katika Bahari ya Kara, sehemu ya Aktiki. Mtu aliyezoea Nile, inayotoka kwetu ikaelekea kaskazini kwenye bahari ya joto, na afikirie mto unaoelekea kaskazini hali mdomo wake umeganda kwa miezi mingi ya mwaka.

Anachokiandika Salim ni kile ambacho wasafiri wa Kiswahili wa wakati ule walikizoea kukiandika: mahali walipopita na walipolala, usafiri, vyakula, mavazi, dini na tabia za watu. Mtindo ni wa msafara wa bara, ila sasa msafara unakwenda miongoni mwa Warusi, Wakalmuki na Wakirigizi. Anaandika pia jinsi watu walivyomshangaa yeye kwa rangi yake. Katika vitabu vya Wazungu vya karne ile, Mzungu hufika kijijini Afrika, watoto wakakimbia, wazee wakamzunguka kumtazama, naye akaandika juu ya ujinga wao. Katika habari za Salim ni Mwafrika anayefika, wenyeji ndio wanaoshangaa, na kalamu imo mkononi mwa Mwafrika.

Tena Salim alikuwa Mwislamu, na njia yake ilipita katika nchi zenye Waislamu wengi, Watatari na Wakirigizi. Kwa bwana wake hao walikuwa watu wa kigeni wa mashariki. Kwa Salim walikuwa ndugu katika dini, ingawa hakujua lugha zao. Wasafiri wawili walipita njia moja, lakini mtumishi alikuwa na wenzake pale ambapo bwana hakuwa nao.

Mwaka 1896 katika maji ya kaskazini

Mwaka 1896 ulikuwa mwaka mkubwa katika historia ya Aktiki. Mwezi Agosti Mnorwei Fridtjof Nansen alirudi kwao baada ya miaka mitatu. Aliiacha meli yake Fram ishikwe na barafu makusudi, ichukuliwe na mkondo wa bahari. Kisha yeye na mwenzake Hjalmar Johansen wakaiacha wakaenda kwa mbwa na magari ya kuteleza hadi nyuzi 86 na dakika 14 za kaskazini, mahali ambapo hakuna aliyejulikana kufika kabla yao. Fram nayo ilijitoa katika barafu mwezi huohuo.

Katika kiangazi hichohicho kampuni ya meli ya Norwei ilianzisha safari za watalii kutoka Hammerfest hadi Svalbard, na nyumba ndogo ya wageni ikajengwa huko kwenye ghuba ya Advent. Watu waliolipa nauli wangeweza sasa kuutazama ulimwengu wa barafu, kuwinda kidogo, kula mezani na kurudi nyumbani. Utalii wa meli katika Aktiki tunaousikia leo una mzizi wake katika miaka hiyo.

Basi katika mwaka mmoja tunawaona watu wa aina tatu wakielekea kaskazini. Kuna mvumbuzi anayetafuta sifa ya kuwa wa kwanza. Kuna mtalii anayetafuta mandhari. Na kuna mtumishi, ambaye hakuchagua njia, lakini alitazama na kukumbuka. Vitabu vya mvumbuzi vilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, na barua za watalii zilichapwa magazetini. Aina ya tatu ndiyo adimu, na mojawapo ya mifano yake imeandikwa kwa lugha tunayoifundisha.

Shahidi asiyesikilizwa

Kuna sababu ya kulisisitiza hili. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta Njia ya Kaskazini-Magharibi. Watu wote 129 walipotea. Mwaka 1854 John Rae alileta habari alizopewa na Wainuit: kwamba mabaharia walikufa kwa njaa na baridi, na kwamba wengine mwishoni walikula maiti za wenzao. London ilikasirika. Charles Dickens, mwandishi maarufu, aliandika katika gazeti lake kwamba neno la watu kama hao halifai kuaminiwa. Karne moja na nusu ikapita. Meli ya Erebus ilipatikana mwaka 2014, na Terror mwaka 2016, katika maeneo ambayo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yameyaelekeza siku zote. Mifupa iliyochunguzwa ilikuwa na alama za visu. Wenyeji walisema kweli tangu mwanzo.

Mfano mwingine ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi. Robert Peary alimwajiri kwanza kama mtumishi wake wa binafsi. Katika safari nyingi za Greenland na kaskazini yake Henson alijifunza lugha ya Wainuit, akawa hodari wa kuendesha mbwa, na mwaka 1909 alikuwa pamoja na Peary na Wainuit wanne katika hatua ya mwisho ya kuelekea Ncha ya Kaskazini. Wataalamu wanabishana kama kweli waliifikia. Lisilobishaniwa ni kwamba sifa zote alipewa Peary, na Henson aliishi miaka mingi bila kutambuliwa, ingawa alitoa kitabu chake mwaka 1912. Mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya taifa ya Arlington mwaka 1988.

Ukimweka Salim kando ya Henson na kando ya wale Wainuit, na kando ya kiongozi wa Rebmann aliyesema baridi, utaona kwamba suala ni moja. Anayeamrisha safari huhesabiwa kuwa ameiona. Anayebeba, anayepika, anayeonyesha njia, huhesabiwa kama sehemu ya mizigo. Kazi ya historia ni kuirudisha hesabu mahali pake.

Kutoka bahari ya barafu hadi Rwenzori

Jambo hili lina upande wake wa hapa nyumbani. Mwaka 1899 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi aliongoza meli Stella Polare hadi visiwa vya Franz Josef, kaskazini ya Urusi, akakaa huko majira ya baridi. Baridi ilimharibu vidole, kwa hiyo Umberto Cagni ndiye aliyeongoza kundi la mwisho, likafika nyuzi 86 na dakika 34 mwaka 1900, na kuipita rekodi ya Nansen. Miaka sita baadaye Duke huyohuyo alikuja Uganda. Alishuka Mombasa, akapanda reli hadi Ziwa Viktoria, akavuka hadi Entebbe, kisha akaenda kwa miguu na msafara mkubwa wa wapagazi hadi Fort Portal. Mwezi Juni 1906 alifika kilele cha Margherita, mita 5,109, akayapa vilele majina ya watu wa kwao.

Mtu aliyetoka katika barafu ya bahari alikuja kutafuta barafu ya ikweta, na vilele alivyovipata vinaitwa hadi leo kwa majina ya malkia na mabinti wa mfalme wa Ulaya. Wapagazi walioibeba mizigo yake kwa wiki kadhaa, na Wakonzo waliojua njia na waliokuwa na neno nzururu, hawamo katika majina hayo. Hatuna Salim bin Abakari wa msafara wa Duke. Hakuna mpagazi aliyeandika safari yake ikapigwa chapa. Ndipo tunapoona thamani ya yule mmoja aliyeandika.

Pingamizi la haki

Msomaji makini atauliza: Je, sauti hii ni ya Salim kweli? Swali hili ni la haki, na mwalimu asilikwepe. Kitabu cha Velten hakikukusudiwa wasomaji wa Unguja au Bagamoyo. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani Dar es Salaam kabla ya kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1887, ambako maofisa, wafanyabiashara na wamisionari walifunzwa kabla ya kuja kutawala, kuuza na kuhubiri. Habari za Waswahili zilikuwa vitabu vya mazoezi vya watawala. Mhariri aliweza kukata, kupanga na kusahihisha. Na mtumishi anayeandika huku bwana wake akiwa hai hawezi kusema kila alichokiona.

Zaidi ya hayo, habari za Salim zinaitwa "safari yangu", lakini na wenzake katika kitabu hichohicho wametumia maneno hayo, kwa hiyo huenda ni mkono wa mhariri. Hata hivyo neno yangu linabaki na uzito wake. Safari ilipangwa na Bumiller na kulipiwa na Bumiller. Lakini kwenye ukurasa wa Kiswahili mwenye safari ni Salim. Kirai hicho kidogo cha umilikishi, ambacho tunakifundisha katika ngeli ya I-/ZI- kana kwamba ni jambo la sarufi tu, ndicho kilichombadilisha mtumishi kuwa msafiri.

Tunapaswa basi kuisoma kazi hii kwa macho mawili. Jicho moja liangalie kile ambacho nguvu ya mtawala ilikiruhusu kuandikwa. Jicho la pili liangalie kile kilichopenya. Mwanafunzi akifundishwa kusoma hivi, ataweza pia kuzisoma habari za Tippu Tip, zilizotolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na habari za Amur bin Nasur wa Unguja juu ya mji wa Berlin, zilizomo katika mkusanyo wa Büttner wa 1894.

Makenke, Nakivale na kaskazini ya leo

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa huku? Ukitoka mjini Mbarara kuelekea Masaka utafika Makenke, penye makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la UPDF. Kwa miaka mingi Kiswahili kilijulikana katika eneo hili kama lugha ya kambi, na watu wengi waliikwepa kwa sababu hiyo. Ukielekea kusini, wilayani Isingiro, kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na sasa yana watu wa mataifa mengi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Hapo Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada na ya foleni ya maji. Ni Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha Kigoma, kila kimoja na ladha yake.

Kutoka makazi kama hayo baadhi ya familia zimehamishiwa nchi za mbali kwa mpango wa makazi mapya: Marekani, Kanada, Norwei, Ufini, Uswidi. Hivyo wako leo watu waliotoka kwenye vumbi la Isingiro ambao watoto wao wanakwenda shule katika giza la saa tatu asubuhi wakati wa majira ya baridi. Habari zao hurudi kwa simu, kwa Kiswahili. Wanaeleza baridi, barafu barabarani, jua linalogoma kutua mwezi Juni, majirani wanaowatazama. Hawajui kwamba mwenzao mmoja aliandika habari za safari ya namna hiyo aliyoifanya mwaka 1896. Nasi walimu wao hatukuwaambia.

Hali ya wasafiri hawa ina mfanano na ya Salim kuliko ya mtalii wa melini. Mtalii huiangalia baridi kutoka kwenye chumba chenye joto, na ana tarehe ya kurudi. Mhamiaji huajiriwa kuifagia theluji. Ni kweli wapo Waafrika waliokwenda kaskazini kwa kutaka wenyewe. Tété-Michel Kpomassie wa Togo alifika Greenland mwaka 1965, akaishi na wenyeji, na kitabu chake cha Kifaransa cha 1981 kimesomwa duniani kote. Lakini hata yeye ilimbidi afanye kazi njiani kwa miaka mingi kabla ya kufika.

Tena barafu yenyewe inapungua. Bahari ya Aktiki inafunguka kwa meli kwa sababu barafu yake ya kiangazi imesinyaa tangu vipimo vya setilaiti vilipoanza mwaka 1979. Barafu ya Rwenzori, iliyokadiriwa kuwa kilometa za mraba 6.5 wakati wa Duke mwaka 1906, ilikuwa imebaki kama kilometa moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii, na imezidi kupungua. Yaani mtalii wa kaskazini na Mkonzo wa Bwamba na Kasese wanatazama jambo lilelile kutoka ncha mbili. Nzururu linaweza kubaki neno lisilo na kitu chake. Kama hatutaandika sasa kile wenyeji wanachokikumbuka, tutawaachia tena wageni waandike.

Mapendekezo kwa walimu

Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haja ya matini za kufundishia ni kubwa, na matini zenyewe zipo. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, sehemu za habari za Salim bin Abakari ziingizwe katika somo la fasihi na historia ya lugha, zikiwa na maelezo juu ya tahajia ya wakati ule na juu ya mazingira ya ukoloni. Mwanafunzi alinganishe Kiswahili cha 1901 na cha leo, aone kilichobadilika katika maneno na katika muundo wa sentensi.

Pili, wanafunzi watumwe kukusanya habari za safari kwa Kiswahili kutoka kwa watu wa Nakivale na wa vitongoji vya Mbarara: safari ya kutoka Kivu, ya kuvuka mpaka, na habari za ndugu walio kaskazini. Ziandikwe kama zilivyosemwa, kwa lahaja ya msemaji, na jina la msemaji lisitajwe ila kwa ridhaa yake. Velten alikusanya kwa faida ya Berlin. Sisi tukusanye kwa faida ya wasemaji wenyewe.

Tatu, somo la istilahi lianzie kwenye vitu. Wanafunzi wapewe picha za maji ya Aktiki, barafu ya bahari, barafuto, siwa barafu, na wajaribu kuzieleza kwa Kiswahili kabla ya kufungua kamusi. Watashangaa ni kiasi gani wanaweza kusema kwa maneno waliyo nayo. Wanaotoka Kasese walete neno lao pia, liwekwe ubaoni pamoja na barafu na theluji.

Hitimisho

Salim bin Abakari hakuacha jina lake juu ya kilele chochote wala ghuba yoyote. Kile alichokiacha ni kurasa chache za Kiswahili juu ya nchi ambayo watu wa pwani hawakuwahi kuiandika, zilizohifadhiwa katika maktaba za ugenini kwa zaidi ya karne moja. Alikwenda kwa amri ya mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, akaandika kwa kitabu cha mtu mwingine. Lakini alichokiona alikiona kwa macho yake, akakisema kwa lugha yetu. Yule kiongozi wa Rebmann alitoa neno moja, likakataliwa. Salim alitoa safari nzima. Ni juu yetu walimu na wanafunzi kuhakikisha kwamba nayo haipotei kwa kukosa msomaji.